Mtoto Akileta Unga Nyumbani, Nani Atamwonya?

(Maneno haya yalisemwa na karani mmoja wa mgodi mbele ya wazazi wa Lubudi, siku ya Jumapili mchana. Tumeyaandika kama alivyoyasema, ila tumeruka mahali palipokuwa na makofi na mabishano.)

Ndugu zangu, baba na mama mliofika hapa, na ninyi vijana mliosimama kule mlangoni kana kwamba mnataka kutoroka, nisikilizeni.

Mlinituma niseme juu ya adabu ya watoto. Mwenyekiti aliponiita alisema, "Karani, wewe ulisoma kwa mapadri, utupe maneno." Nikakubali upesi, kwa sababu kusema juu ya watoto wa watu wengine ni kazi nyepesi. Niliandika kurasa nne. Kisha likatokea jambo moja nyumbani kwangu, nikaona zile kurasa nne hazifai, nikazichana. Basi nitaanza na jambo lenyewe.

Ilikuwa wiki tatu zilizopita, pale kwenye bomba la maji. Kuna mama mzee mmoja wa mtaa wetu, wengi wenu mnamjua, sitamtaja jina. Alijaza ndoo yake, akatafuta mtu wa kumtwika. Mwanangu wa kwanza alikuwa karibu naye. Ana miaka tisa. Mama yule akamwambia, "Mutoto wangu, kuja unitwike." Mwanangu akamtazama, akamwuliza, "Utanipa ngapi?"

Watu waliokuwa pale walicheka sana. Mimi nami nilikuwapo, nimeshika baisikeli yangu, nikacheka pamoja nao. Mmoja akasema, "Huyu atakuwa mfanyabiashara mukubwa." Yule mama mzee hakucheka. Aliinama, akajitwika ndoo mwenyewe huku magoti yakimtetemeka, akaenda zake. Maji mengi yalimmwagikia mgongoni. Hapo ndipo kicheko kiliponikauka mdomoni.

Usiku ule nilimwuliza mwanangu, "Nani alikufundisha neno lile?" Hakuelewa swali. Kwake halikuwa neno baya hata kidogo. Akanijibu kwa upole kabisa, "Baba, kila kazi iko na chai yake."

Ndugu zangu, neno hilo ni langu. Mwaka jana mtu mmoja alikuja kwangu jioni kutafuta karatasi, karatasi ambayo ilikuwa haki yake kuipata bure. Nikamwambia kwamba kila kazi iko na chai yake. Mtoto alikuwa mezani akifanya hesabu za shule. Mimi sikumwona. Yeye alinisikia.

Watu wa Kinshasa wanaiita rushwa madesu ya bana, maana yake maharagwe ya watoto, na neno hilo limefika mpaka huku kwetu. Litazameni vizuri. Mtu mzima anaponyosha mkono kuomba asichostahili, analitaja jina la mtoto wake. Halafu mtoto huyo akinyosha mkono kwa mama mzee, tunaitisha mkutano.

Sasa, kabla ya kuja hapa nilizunguka nikiuliza wazee sababu ya adabu kuanguka. Mmoja aliniambia ni simu. Mwingine alisema ni miziki na michezo ya uchi. Mwingine alisema ni serikali iliyoleta haki za mtoto. Mwingine akasema ni wanawake, tangu walipoanza kwenda sokoni kuuza; mama zangu, msinirushie viti, si neno langu. Juu ya simu nitasema kidogo tu: kweli ina ubaya wake, na mtoto anayelala na simu mkononi hawezi kuamka na hesabu kichwani. Lakini simu haikuingia nyumbani kwa miguu yake.

Tena malalamiko haya si mapya. Tarehe 6 Desemba 1950 Wabelgiji walitoa dekreta nzima juu ya watoto wahalifu katika Kongo. Mwaka 1950! Hapakuwa na simu za mkononi, wala hapakuwa na televisheni. Watoto waliokuwa na miaka kumi wakati ule, ambao dekreta iliandikwa kwa ajili yao, leo wamepita miaka themanini. Ndio hao hao wanaoketi chini ya mwembe wakituambia kwamba zamani watoto walikuwa na adabu.

Msicheke sana, wazee. Sisemi kwamba hakuna kilichobadilika. Kimebadilika kitu, tena kikubwa, ila nadhani tunakitafuta mahali pasipo pake. Tunakitafuta katika mdomo wa mtoto. Mimi naomba tukitafute katika sufuria.

Kule vijijini, mtoto alikuwa wa watu wengi. Kwa Waluba, mkubwa akimwita mtoto, mtoto aliitika "Eyo vidye", akaja mbio. Akiiba karanga shambani, aliyemkuta alimwadhibu, na akifika nyumbani aliadhibiwa mara ya pili. Haya tunayakumbuka na kuyasimulia. Lakini kuna upande mwingine ambao tunausahau upesi. Mtoto yule yule, jioni ikimkuta mbali, alikula kwenye moto wowote uliokuwa karibu, na hakuna aliyemwuliza yeye ni wa nani. Mkubwa aliyekuwa na haki ya kumpiga ndiye aliyekuwa na deni la kumlisha. Adabu ilikuwa deni la pande mbili.

Kisha wakaja watu wa migodi. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mwanzoni ilitaka mikono ya wanaume tu. Waliletwa kutoka mbali kwa miezi kadhaa, na wengi walifia kazini na katika magonjwa. Tangu karibu mwaka 1928 kampuni ikageuza shauri: mwanaume aje na mke wake, afanye mkataba wa miaka mitatu, azae watoto kambini. Zikajengwa nyumba, hospitali na shule. Shule zilikuwa mikononi mwa mapadri Wabenediktini, chini ya Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne. Na kila juma ikatolewa posho: unga, samaki, mafuta ya mawese, chumvi, vyote vimepimwa kwa mwanaume, kwa mke wake, na kwa kila mtoto aliyeandikwa.

Posho hiyo ilishibisha watu, siwezi kukataa. Bibi yangu aliisifu mpaka siku alipokufa. Lakini tazameni ilivyofanya kazi ndani ya nyumba. Mtoto asipofika shuleni, posho yake iliweza kukatwa. Basi baba alipoamka asubuhi akamfokea mtoto aende shule, sauti ilikuwa ya baba lakini nguvu ilikuwa ya kampuni. Mtoto aliijua tofauti hiyo. Aliona kapita anavyosema na baba yake, aliona baba anavyovua kofia. Aliona kwamba anayetoa unga ndiye anayesema, na anayepokea unga ndiye anayeitika. Watoto wale walikuwa safi, walisimama mstari, walisalimu. Ni kweli kabisa. Nauliza tu, adabu ile ilikuwa ya nani? Kwa maana kitu kikiwa cha kuazima, mwenyewe akija kukichukua, unabaki mikono mitupu.

Niruhusuni nitoke njiani kidogo. Mwaka 1953 Padri Placide Tempels alifika Kolwezi, na hapo kati ya wafanyakazi wa migodi likazaliwa lile kundi la Jamaa. Sikuja kuhubiri mafundisho yao, na watu waligombana sana juu yake. Ila jambo moja lilinigusa: katika Jamaa mume na mke waliitwa Baba na Mama, na jina hilo lilikuwa heshima ya kuitafuta kwa muda mrefu. Fikirini, watu wenye watoto sita, saba, wamekaa katika nyumba ya kampuni na chakula cha kampuni, na bado wanatafuta namna ya kuitwa baba na mama. Walijua kuna kitu kimepungua, ingawa sufuria ilikuwa imejaa.

Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alitoa kitabu mwaka 2001 juu ya jamaa za wafanyakazi wa Katanga. Jina lake linasema kwamba Bana Shaba, watoto wa Shaba, waliachwa na baba yao. Baba anayetajwa hapo ni kampuni.

Namna baba huyo alivyotuacha mnaijua, nitapita haraka. Mwaka 1967 serikali iliichukua Union Minière, na baadaye ikaitwa Gécamines. Mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Mwaka 1991 askari walipora miji. Ilipofika mwaka 2003 kampuni haikufikisha hata tani 20,000 za shaba, na mwaka huo huo wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa fedha kidogo ya kuondoka, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wakaambiwa wameondoka kwa hiari. Baba aliyekuwa na namba ya kazini akabaki na jina lake tu.

Lakini kati ya hapo kuna miaka miwili ambayo sitapita haraka, ingawa najua wengine wangependa niiruke. Ni 1992 na 1993. Mliona, au mlisimuliwa, jinsi watu wenye asili ya Kasai walivyofukuzwa katika nyumba zao Likasi na Kolwezi. Wengi walizaliwa huku. Walilala kwenye stesheni wakingoja treni, na watoto wao walikufa pale. Waliotangulizwa mbele kuwafukuza walikuwa vijana, wengi wao wa JUFERI. Waliowatuma walikuwa watu wazima. Kati ya waliofukuzwa walikuwamo walimu. Basi niambieni: kijana aliyetumwa na wakubwa akamtoe mwalimu wake nyumbani, akarudi akasifiwa, akapewa na kiti cha mwalimu akikalie, huyo utamwambia nini baadaye juu ya kusalimu wazee? Vijana wale leo wana miaka hamsini. Ni baba za watu. Pengine wamo humu ndani.

Nasikia kunung'unika kule nyuma. Haya, nungunikeni, nami nitaendelea.

Mimi nilikulia Kolwezi. Baba yangu alikuwa mwendeshaji wa mashine kubwa, na alifanya kazi miaka ishirini na miwili katika kampuni moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa leo sisemi juu yake. Mshahara ulianza kuchelewa mwezi, kisha miezi, kisha haukuja. Baba akauza redio, akauza baisikeli. Mama akawa anakaanga mikate ya kuuza mbele ya nyumba. Mwaka 2004 nilikuwa na miaka kumi na minne, na wenzangu walikuwa wakienda mtoni kuosha mawe ya wachimbaji. Nikawafuata. Kazi yenyewe ni hii: mchimbaji analeta mfuko, wewe unaingia majini mpaka magotini, unatikisa mawe katika kichungi, udongo unakwenda na maji, na mawe meusi ya kobalti na ya kijani ya shaba yanabaki. Jioni unalipwa kwa mfuko. Usiku ngozi ya miguu inawasha mpaka hulali.

Jumamosi moja nilirudi na fedha iliyonizidi umri. Nikanunua unga, nikanunua ndakala, mafuta na sukari. Mama akasonga bukari. Baba alikuwa anajua kwamba sikufika shuleni juma zima, mwalimu alikuwa amemwambia. Tulipokaa kula akaanza, "Nasikia juma hili..." Nikamkata neno. Nikasema, "Baba, kula kwanza. Maneno tutasema nyuma."

Wadogo zangu wote walikuwapo. Mama alikuwa ameshika mwiko juu ya sufuria, akabaki ameushika hivyo hivyo. Baba aliitazama sahani yake kwa muda. Kisha akanawa mikono, akala.

Mtu akiniuliza adabu ya watoto ilianguka siku gani, ya wengine siijui, lakini yangu ilianguka Jumamosi ile. Wala haikuangushwa na simu, kwa maana hatukuwa na simu. Nilikuwa nimeelewa hesabu moja tu, kwamba aliyeleta unga ndiye anayesema. Hesabu hiyo sikuizua mimi. Hivyo ndivyo kampuni ilivyosema na babu yangu na baba yangu, na hivyo ndivyo wao walivyosema na sisi. Mwaka ule unga uliletwa na mimi, basi nikasema.

Tangu siku ile baba hakunionya tena. Nikaanza kuvuta sigara mbele ya nyumba, nikawa narudi usiku. Dada yangu mdogo naye akaanza kumjibu mama kama mimi nilivyomjibu baba, ijapokuwa yeye hakuleta hata kibaba cha unga. Hivyo tukaishi miezi minane, nyumba ina chakula na haina mkubwa.

Kisha asubuhi moja ya mwezi wa sita, wakati wa baridi, nikiwa majini, niliona wenzangu wanaacha kazi na kutazama nyuma yangu. Baba alikuwa amesimama ukingoni, amevaa kofia yake ya zamani ya kazini. Nikadhani amekuja kunipiga, nikajiweka tayari kukimbia. Yeye akavua viatu, akavipanga vizuri juu ya jiwe, akakunja suruali, akaingia majini. Akachukua kichungi mkononi mwangu. Hakujua kukishika. Mtu aliyekuwa akiongoza mashine nzito kama nyumba alifundishwa kutikisa kichungi na mtoto wa miaka kumi, na watoto wote wakamcheka. Hakukasirika. Alifanya kazi mpaka jua likalala. Tulipolipwa, fedha akaitia mfukoni mwake. Njiani akasema neno moja tu: "Kesho nitakuja peke yangu. Wewe uende shuleni."

Nikaitika, "Ndiyo, Baba."

Baba aliosha mawe miaka mitatu. Nilienda sekondari kwa mapadri kwa fedha ile, na ndiyo maana leo mimi nina kalamu na yeye ana vidonda miguuni ambavyo havijapona vizuri mpaka sasa. Sisemi kwamba kila baba akiingia mtoni mambo yatatengenea. Mdogo wangu anayenifuata alimwona baba yule yule katika maji yale yale, na hakurudi. Yuko Kolwezi mpaka leo, anachimba. Akija kutusalimu anaweka fedha mezani, na hakuna mtu wa kumwuliza ametoka wapi. Hata mimi, kaka yake, simwulizi. Mara ya mwisho niliipokea.

Si sisi peke yetu. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa Kongo yetu. Nyuma ya kila mmoja wao weka meza ya jioni, na baba au mama anayetazama sahani. Na katika eneo letu hili hili la Lubudi kuna Tenke na Fungurume, ambako kazi kubwa ya shaba na kobalti ilianza mwaka 2009. Watu wamekuja kutoka kila upande, wachache wameandikwa kazi, wengine wanangoja nje ya uzio, na watoto wanajua njia za kule kuliko sisi.

Juu ya walimu nitasema neno, kwa sababu wanasingiziwa sana. Katika miaka ile ya 1990 serikali ilipoacha kuwalipa sawasawa, tulikubaliana wazazi tutoe fedha ya kumtunza mwalimu. Ilikuwa lazima, vinginevyo shule zingefungwa. Lakini mtoto ndiye aliyebeba fedha ile. Asubuhi mwalimu alisoma majina ya wasiolipa, wakarudishwa nyumbani. Mtoto wa aliyelipa akabaki amekaa, akijua kwamba kiatu cha mwalimu kimetoka mfukoni mwa baba yake. Mwalimu atamwonya mtoto huyo kwa uso gani? Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, na ni jambo jema, lakini madarasa yamejaa mpaka mwalimu hawezi kujua majina, na sisi wazazi tumelichukua lile neno "bure" tukafanya kana kwamba na mwalimu mwenyewe hana thamani. Nimemsikia mzazi mmoja akimwita mwalimu masikini mbele ya mtoto. Siku iliyofuata mtoto akalipeleka neno hilo darasani.

Baba mmoja aliniambia jana, "Karani, maneno mengi ya nini? Turudishe fimbo." Namheshimu baba huyo, na fimbo naijua. Sitaanza na sheria, ingawa sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto ipo na inafaa tuisome. Naanza na niliyoyaona. Watoto wa mtoni tulipigwa kila siku. Tulipigwa na walinzi, tulipigwa na wanunuzi, tulipigwa na watoto wakubwa waliotaka mawe yetu. Kama fimbo ingeleta adabu, sisi tungekuwa watakatifu. Tulichojifunza ni kumtambua mwenye nguvu, na kumngojea siku atakapochoka.

Basi mnaniuliza tufanye nini. Mimi ni karani, si mganga, nitasema machache.

Kwanza, mtoto akileta fedha au unga, aulizwe kabla sufuria haijawekwa motoni. Tukisha kula, swali halina meno tena. Nilipolisema neno hili kwa jirani yangu mmoja, mama mjane, akaniambia, "Karani, nikimwuliza na akakasirika, kesho watoto wangu watakula nini?" Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani na aibu, na ndipo nilipoanza kufikiri juu ya daftari, nitalieleza sasa hivi.

Pili, tuwasalimu watoto. Mnashangaa? Nimeangalia asubuhi barabarani: mkubwa anapita katikati ya watoto kama anapita kati ya mbuzi, hasemi neno, na asiposalimiwa ananung'unika. Nilipokuwa mdogo mzee mmoja wa mtaa wetu alikuwa akisimama, anauliza jina langu, anauliza na habari za mama. Siku aliponionya juu ya mawe niliyomtupia mbwa wake, nilinyamaza, kwa maana mtu yule alikuwa ananijua.

Tatu ni juu yangu mwenyewe. Yule mtu wa karatasi nilimtafuta, nikamrudishia fedha yake mbele ya mwanangu. Ilinichukua siku mbili kumpata, na siku nyingine kuipata fedha, kwa maana ilikwisha kuliwa. Alidhani nataka kumtega, akakataa kuipokea. Tukabishana mlangoni kama wendawazimu, mtoto anatutazama. Mwishoni aliipokea. Kisha nikamchukua mwanangu mpaka kwa yule mama mzee. Sikumwambia mtoto aseme nini. Alisimama pale akichora chini kwa kidole cha mguu. Mama akamwuliza kama anajua kumenya karanga. Akasema anajua. Akamwonyesha mahali pa kukaa. Amekwenda huko Jumamosi mbili. Ya tatu alikataa, akaenda kucheza mpira, na mimi nilikuwa nimechoka, sikumlazimisha. Nawaambia ili msidhani kwangu mambo yamekwisha.

Sasa daftari. Katika barabara yangu peke yake nimehesabu watoto kumi na mmoja ambao muhula huu hawaendi shuleni. Tisa wanaponda kokoto kando ya njia, na wawili wamekwenda Fungurume. Nimeandika umri wao na darasa waliloacha, majina ya wazazi sikuandika. Sitaki kumwaibisha mtu. Nataka tujue ni watoto wangapi, na kila nyumba ya watoto hao inakula kiasi gani kwa kazi yao kwa juma. Tukiijua hesabu hiyo, tunaweza kuona ni wangapi kati yao ambao sisi wenye mshahara, tukichanga kila mwisho wa mwezi, tunaweza kuzishika nyumba zao mpaka mtoto arudi shuleni. Pengine ni watatu tu. Mjane yule niliyemtaja yuko wa kwanza, na sehemu yake ya mwezi huu nimekwisha kuitoa mimi, kwa kuwa ni jirani yangu.

Daftari liko pale mezani karibu na Mwenyekiti, na kalamu mbili. Mwenye barabara yake aje aandike watoto wa barabara yake. Anayetaka kuandika mchango wake, ukurasa wa nyuma. Ninyi vijana wa mlangoni, kuna wanne kati yenu niliowaona mkiponda kokoto juzi. Ingieni ndani, tunahitaji mtu wa kutuambia mfuko mmoja unalipwa ngapi siku hizi.